Kisu Kikubwa na Vidole vya Mke Wangu

Kwa miaka kama thelathini nilitembea na kisu kikubwa cha kukunja katika mfuko wa kuume wa suruali, na kwa miaka hiyo yote mke wangu alikuwa akiushona mfuko huo. Yeye ni fundi cherehani. Kila alipoushona alinung'unika kwamba mtu anayeuza misumari na mabomba hana haja ya kutembea na mtoto wa panga. Nilikuwa mtunza ghala katika duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Bukavu. Kisu kilinifaa kukata kamba, kupunguza mipira ya maji, kufungua maboksi, na saa sita kumenya parachichi. Sitaki kudanganya: kisu kidogo kingefanya yote hayo, na mfuko ungebaki mzima. Mimi nilibeba kikubwa kwa sababu ya nyama.

Nieleze. Sisi ni watu wa Nyantende, kijijini nje ya mji, ingawa nyumba yangu iko Nyalukemba, hapa mjini. Katika ukoo wetu, ng'ombe akianguka siku ya sherehe, si kila mwenye kisu anamgusa. Wachinjaji wanachinja, wanachuna, kisha wanasogea pembeni na mgawaji anaingia. Mgawaji ndiye anayejua fungu la kila mtu. Kidari ni cha wajomba. Mgongo ni wa wenye nyumba. Mguu wa nyuma wa kuume ni wa wakwe, na huo unaondoka mzima, umefunguliwa kwenye kiungo cha nyonga bila kupasua paja. Ukilikata paja katikati, umewaambia wakwe kwamba undugu nao umekatwa katikati. Nani alianzisha hayo sijui, na sijawahi kumkuta anayejua. Ninachojua ni kwamba watu wameacha kusalimiana kwa sababu ya paja.

Kazi hiyo nilirithi kwa baba yangu mdogo, kichwa changu kikiwa bado cheusi chote, na niliipenda kupita kiasi. Wanaume hamsini wamesimama kimya wanatazama mkono wako. Nilipofungua kisu kilitoa mlio, na mimi nilikuwa nasubiri kidogo kabla ya kuanza, ili mlio ule usikike mpaka nyuma. Naandika hivyo kwa haya, lakini si haya nyingi.

Kisha asubuhi moja, nikivaa viatu, mkono wa kushoto ulikataa kufunga kamba. Niliutazama nikauamuru, ukanitazama tu. Kilikuwa kiharusi. Mguu wa kushoto nao ulilegea, ukarudi baada ya wiki kadhaa, maneno hayakupotea, mke wangu anasema kwa bahati mbaya, ila mkono ule ulibaki nusu. Hospitalini walinipa mpira laini nifinye kila siku. Niliufinya mpaka ukapasuka upande mmoja, na bado siwezi kushika kikombe cha chai nikakiamini.

Shida ya kwanza ilikuwa kukifungua kisu changu. Kilitaka mikono miwili. Nikawa nakifungua kwa meno, mpaka mke wangu akanikuta.

"Leo ni meno," alisema. "Kesho itakuwa ulimi. Na mimi sitashona ulimi."

Lakini aibu yenyewe niliipata kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Mbuzi alikuwa mmoja tu, nikajiambia mbuzi si ng'ombe, nitaweza. Sikumwambia mtu kwamba mkono wa kushoto hauna nguvu. Niliweka kiganja kile juu ya nyama kana kwamba kimeshika, nikasukuma kisu kwa nguvu zote za kuume, nyama ikateleza, na ule urefu wote wa kisu ukapita katikati ya paja la wakwe. Mkwe mmoja, mama mwenye kitenge cha kijani, aliyachukua yale mapande mawili, akayaweka pamoja kwenye sahani kama mtu anayejaribu kuunganisha kikombe kilichovunjika, akasema, "Haizuru, papa." Ningependelea anitukane.

Ndipo binamu yangu mmoja, mtu wa miaka arobaini mwenye mabega, akakitoa kisu mkononi mwangu kwa upole. "Papa, pumzika sasa," akasema. Akamaliza kugawa. Akagawa vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Miezi ikapita. Nikabaki nyumbani nikisahihisha serikali kupitia redio. Kisha Jumapili moja baada ya misa mdogo wangu akaja, akakaa, akazungusha kofia yake mara mbili tatu. Binti yake anaolewa.

"Yaya, samedi ya mwisho ya mwezi njo tunapokea bakwe," alisema; kwetu yaya ni kaka mkubwa. "Mi nataka njo wewe ugawe. Ila kama hauwezi, uniambie mbele, nimwambie ule mwingine. Ile mambo ya batême, sitaki ifike kwa mutoto yangu."

"Nitagawa," nilisema, kabla sijafikiri.

Alinishukuru, lakini macho yake hayakushukuru. Nilielewa vizuri: nikiharibu tena, si mimi nitakayeingia katika nyumba ya wakwe na aibu hiyo, ni mtoto wake. Na nikikataa, binamu ataingia, na sitaitwa tena mpaka siku ya kuzikwa. Nilikuwa na wiki tatu mpaka Jumamosi ile.

Jumatatu nikapanda Kadutu sokoni kutafuta kisu cha mtu wa mkono mmoja. Muuzaji alikuwa ametandika turubai lenye kufuli, tochi, betri na visu vya kukunja vya kila namna. Nilimweleza hali. Alinichagulia viwili. Kimoja kikubwa, kirefu kuliko kiganja changu na vidole, chenye kibonye: unagusa, kinafunguka chenyewe na kulia. Kingine kidogo, ubapa wake kama kidole cha kati, chenye tundu la kuingiza ncha ya dole gumba ukakisukuma.

Nilivipima. Kikubwa kilijaza mkono, uzito wake ulinikumbusha mtu niliyekuwa. Kidogo kilikaa kiganjani kama kitu nilichoazimwa.

"Hii kadogo ni ya kumenyea bamaman machungwa," muuzaji alisema, akiwa amenisoma uso. "Muzee kama wewe, ni hii kubwa."

Mtu akitaka kudanganywa hatafuti mbali. Nikanunua kikubwa, nikashuka nacho nikikifungua na kukifunga juu ya paja langu, kwa mkono mmoja, nikifurahi kama nimeponywa. Mke wangu hakufurahi. Aliweka mkasi chini.

"Umenunua kaka yake ya ule wa mbele," alisema. "Siku hizi batu bakikukuta mu barabara na kitu ya vile mu mufuko, utaeleza mpaka jua litue."

"Ni ya kugawa nyama."

"Utabaambia na huyo ng'ombe iko wapi?"

Nikaenda nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimekata mgomba uliokwisha kuzaa, nikalaza kipande cha shina lake juu ya meza. Shina la mgomba lina maji na nyuzi, linateleza vizuri kama nyama. Nikakata. Likaviringika. Nikalifunga kwa kamba, likatulia, lakini nani amewahi kuona mgawaji akifunga ng'ombe wa mahari kwenye meza kama mzigo wa taxi? Nikapanda goti juu yake. Tukaanguka wote wawili, mimi na mgomba.

Nikasikia kicheko dirishani. Mke wangu alikuwa amesimama na futi yake ya kupimia shingoni, amecheka mpaka ameshika fremu. Kisha akaona siamki haraka, akaacha kucheka, akatoka, akaninyanyua. Aliutazama mgomba. Akaingia ndani, akarudi na kipande cha kitambaa na mkasi.

"Angalia," alisema. Akakata kitambaa kikining'inia hewani. Mkasi ukatafuna, ukaacha meno meno. Kisha akakilaza mezani, vidole vya mkono wa kushoto vimekibana na kukivuta kidogo upande, mkasi ukapita kimya mpaka mwisho. "Kukata haiko mukasi. Kukata ni mukono yenye kushika. We unatafuta kisu, na wewe umekosa mukono. Nishike miye."

"Mwanamuke haingie pale."

"Basi pale hamuna mukono."

"Kuna wanaume wa kushika."

"Nani? Ule binamu?" Akakunja kitambaa chake. "Kidole moja haivunje chawa, muzee. Hata ikiwa kidole ya fundi mukubwa."

Nilikasirika siku mbili. Mimi hasira zangu ni za kimya, ninakula lakini sisifu chakula. Siku ya tatu nilifikiria wanaume ambao ningeweza kuwaomba wanishikie, nikaona kila mmoja wao atanishikia dakika moja, kisha atasema, "Lete, papa." Mwanaume wa kwetu hawezi kushika nyama anayokata mwingine bila mkono kumwasha. Nikanunua paja la mbuzi, nikalileta, nikaliweka mezani mbele yake. Huo ndio ulikuwa msamaha wangu, naye anaufahamu.

Alishika kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Hakubana nyama kama mimi nilivyozoea kubana. Aliuvuta mfupa upande wake na kuuzungusha kidogo, na kiungo kikawa kinajionyesha chenyewe, mstari mweupe unafunguka, kinachobaki ni kuufuata. Mara ya kwanza vizuri. Wiki iliyofuata, paja la pili, vizuri zaidi. Nikaanza kujisikia. La tatu ilikuwa Jumamosi, wiki moja kabla ya sherehe, na nilitaka lipite kwa mkato mmoja tu, kama zamani. Nikasukuma. Kisu kilipita kiungo, kikatokea upande wa pili na urefu wake wote uliobaki, kikamkuta mke wangu kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto.

Hakupiga kelele. Alisema tu "Aa," akashika kidole kwa mkono mwingine, na damu ikaanza kupita katikati ya vidole ikidondoka juu ya plastiki ya meza. Kile ni kidole kinachosukuma kitambaa chini ya sindano. Sare za shule za watoto tisa zilikuwa zimerundikwa kwenye kiti nyuma yake.

Nilikaa chini, nikalia. Sisemi machozi yalinilengalenga. Nililia kwa sauti, mtu wa umri wangu, na yeye ndiye aliyejifunga kidole mwenyewe kwa kipande cha pamba, huku akiniambia ninyamaze, majirani watafikiri ametoka roho. Nilimwambia nampigia mdogo wangu simu sasa hivi, binamu agawe, mimi nimekwisha. Nilimwambia nampenda, jambo ambalo sikuwa nimelisema tangu watoto wakiwa wadogo, na nilisema vibaya, katikati ya kamasi.

"Najua," alisema. "Weka simu chini. Kwanza uniambie: ile nyama, kutoka juu mpaka kwa kiungo, ilikuwa na unene gani?"

Nilitazama. Nikaonyesha vidole vitatu.

"Na kisu?"

Kisu kilikuwa pale mezani, kila mtu anakiona.

"Vidole tatu ni nyama," alisema. "Ile ingine yote ilikuwa inatafuta nini?"

Nilijua kilichokuwa kinatafutwa. Kilikuwa kinatafuta macho ya watu hamsini. Sikumwambia, lakini miaka tuliyokaa pamoja inamtosha kunisoma.

Jumatatu nikapanda tena Kadutu. Muuzaji alinikumbuka. "Bamaman bako na machungwa sasa?" aliniuliza, nikamwambia ndiyo, mengi. Nikanunua kile kidogo. Wiki nzima, jioni, tulifanya mazoezi juu ya mgomba tu, yeye na kidole chake kilichofungwa, mimi na kisu kinachoishia mahali vidole vyangu vinapoishia. Kwa kisu kifupi huwezi kusukuma. Unakata kidogo, unangoja mkono unaoshika uvute, unakata tena. Mwanzoni niliona ni kazi ya bibi anayetoa miiba mguuni. Halafu nikaona kwamba nilikuwa naanza kusikia kiungo kiko wapi, kitu ambacho kwa kisu kikubwa sikuwahi kusikia. Nilikuwa napita tu.

Siku ya Jumamosi niliweka visu vyote viwili mfukoni. Naungama hilo. Nilijiambia ni akiba, ikiwa kidogo kitakataa mfupa wa ng'ombe. Uongo mtupu. Nilitaka tu wasikie ule mlio.

Nyantende kulikuwa na tope, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na wakwe walikuwa wamefika mapema na viatu vyao vizuri vikiwa vimeharibika. Ng'ombe alikwisha kuchunwa, amelazwa juu ya majani ya migomba. Wanaume walizunguka. Nilipita katikati yao, na mke wangu nyuma yangu, amejifunga kitenge cha pili kiunoni, amenawa mikono. Minong'ono ikaanza. Baba yangu mdogo, yule aliyenirithisha kazi, sasa mzee wa fimbo, aliinua fimbo ile.

"Huyu maman anafanya nini hapa?"

Mdogo wangu alikuwa ameshika tama. Binamu yangu alikuwa amekwisha kukunja mikono ya shati, na pembeni mkwe msemaji, mtu mwembamba mwenye miwani, alijifanya anatazama milima.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya heshima. Yote yalinitoka.

"Baba, ile mukono ya kushoto ulinifundisha nayo imekufa," nilisema. "Ile iko inaishi ni huyu. Kama munafukuza ya kushoto, na ya kuume inaenda."

Mzee yule ana macho mabovu, lakini siku ile alinitazama barabara. "Tutaona nyama," alisema, akaishusha fimbo.

Mke wangu alipiga magoti juu ya majani. Akaushika mguu wa nyuma, mkono mmoja chini ya goti la ng'ombe, mwingine juu kabisa karibu na nyonga, pale pale penye kazi. Mkono wangu ukaingia mfukoni. Naapa uliingia wenyewe kwenye kile kikubwa. Ulikishika. Kimya kilikuwa kimekwisha kutanda, kimya kile ninachokipenda.

Yeye hakunitazama. Hakutazama nitatoa kisu gani. Alikuwa anatazama nyama, na kidole chake cha shahada, chenye kovu jipya la rangi ya waridi, kilikuwa kimelala juu ya mstari ambapo nitapita. Aliniachia vidole vyake vyote namna ile, baada ya nilichomfanyia. Nilikiacha kile kikubwa kilale mfukoni, nikatoa kidogo. Hakikulia. Mtu mmoja nyuma aliuliza kama tayari nimefungua.

Tulifanya kazi polepole. Nakata, anavuta. Nakata, anazungusha. Jasho lilinitoka mpaka puani. Kuna mahali kiungo kilijificha na nikasimama, akasema kwa sauti ndogo, "Ngoja," akauinamisha mguu kwake kwa uzito wa mwili wake wote, na ule mshipa mnene mweupe ukajitokeza wenyewe. Niliugusa mara mbili. Ukaachia, na mguu wote ukamwangukia mapajani, mzima, paja halina hata mkwaruzo.

Mkwe mwenye miwani aliletewa. Aliugeuza, akatazama kichwa cha mfupa, cha mviringo, safi. Hakuharakisha.

"Imefika nzima," alisema, na nyuma yake wanawake wa kwao wakapiga vigelegele. Nilimwona mdogo wangu akifuta uso kwa kofia yake. Bibi harusi mwenyewe alikuwa mlangoni, amejishika mdomo.

Yaliyobaki tuliyagawa bila shida. Tulipomaliza baba yangu mdogo alijikongoja mpaka kwetu. Alisema mjukuu wake anaoa baada ya Pasaka, nyumba ya tatu kutoka pale.

"Mutakuya bote babili," alisema.

Nilitaka kujibu mara moja, kama nilivyomjibu mdogo wangu siku ile. Nikajizuia. "Mumuulize mwenyewe, baba," nilisema. "Iko na nguo za batu za kushona."

Mke wangu alikuwa ananawa kwenye beseni. Aliisugua mikono, akaipangusa kwenye kitenge, bila haraka.

"Nitakuya," alisema. "Lakini papa, mugawaji anapewa ulimi ya ng'ombe, nimeiona. Mwenye kushika anapewa nini?"

Katika mafungu yote ya ukoo wetu, tangu huko yalikotoka, hakuna fungu la mkono ule. Mmoja alisema shingo. Mwingine akasema shingo haiwezekani, shingo ni ya wachinjaji, labda moyo. Baba yangu mdogo akagonga fimbo chini, akasema moyo kwa maman mmoja ni mwingi, akajibiwa na mtu kwamba vidole navyo si kitu kidogo. Viti vikaletwa. Tulipanda gari kurudi mjini wakiwa bado wanabishana.